Nenda Kamuulize Yule

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha moja mpaka watu wakamsahau jina. Walimwita Mama Faili, wengine kwa heshima, wengine kwa utani, na yeye aliitikia vyote. Dirisha lenyewe lilikuwa la mapokezi ya hospitali, pana kama meza ya kulia, limezibwa kwa nondo alizozichomelea mume wake mwenyewe mwaka ule kompyuta zilipoibiwa. Chini ya nondo kulikuwa na uwazi wa kupitishia kadi, na kimo chake kilimlazimisha mtu ainame kidogo kabla ya kusema shida yake. Mume alipoulizwa kwa nini aliuweka chini vile, alijibu kwamba alitaka watu wamwinamie mke wake angalau mahali pamoja duniani.

Nyuma yake rafu za faili zilipanda mpaka darini. Kompyuta zilikuja, zikazima, zikaja nyingine, lakini kichwa chake hakikuzima. Mtu alikuwa bado anapapasa mifuko kutafuta kadi, Mama Faili ameshanyanyuka kwenda rafu ya nne. Aliwajua wenye sukari, aliwajua wenye presha, aliwajua wajawazito wa mimba ya kwanza kwa jinsi walivyoshika kiuno. Wenye hasira nao aliwajua. Hao aliwatambua tangu mlangoni, kwa namna walivyowapita wenzao kwenye foleni bila kuomba radhi.

Kwa wenye hasira alikuwa na dawa yake. Hasira, alipenda kusema, ni sufuria ya moto isiyo na mishikio: ukipokezwa, mpokeze mwenzako haraka. Nenda mlango wa tatu kushoto. Kamuulize wa maabara. Hilo analijua daktari. Mtu alikwenda, na alikofika alielekezwa kwingine, na mara nyingi mpaka amalize kuzunguka majengo yote, hasira ilikuwa imeishia miguuni. Mama Faili hakuona ubaya wowote. Kila mtu pale alifanya hivyo, yeye aliwazidi ufundi tu.

Chini ya meza yake kulikuwa na kitufe cha kengele ya kumwita mlinzi. Katika miaka yote alikuwa amekibonyeza mara tatu. Mara ya tatu, mtu aliyedhaniwa analeta fujo alikutwa ni mzee kiziwi aliyekuwa akiongea kwa sauti kwa sababu hajisikii mwenyewe. Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, mganga mkuu alimtania mbele ya wote kwamba Mama Faili akiona kivuli chake atawaita polisi. Watu wakacheka. Yeye naye alicheka. Hakukigusa tena kile kitufe.

Jumatatu moja, saa nne kasoro, foleni ikiwa imefika mpaka nje kwenye ngazi, alikuja mwanamume mmoja mwenye nyuzi na vipande vya sponji vimemng'ang'ania kwenye shati. Alikuwa fundi wa makochi. Mdogo wake aliletwa pale Jumamosi mchana, tumbo limekaza kama ngoma, wakaambiwa wasubiri. Walisubiri benchi mpaka jioni. Kidole tumbo kikampasukia ndani, na alfajiri ya Jumapili akafariki. Haya yote Mama Faili aliyajua baadaye. Siku ile alichokiona ni mtu aliyepita foleni.

Fundi hakutaka faili. Alisema anataka kujua nani alimwambia mdogo wake asubiri, na alikuwa anasubiri nini. Mama Faili alimwelekeza ofisi ya mganga mkuu. Fundi akasema ametoka huko, mlango umefungwa, ameambiwa kuna kikao. Akaambiwa basi aende wodini. Akasema wodini wamemwambia aje mapokezi. Akaambiwa basi aje kesho.

"Kesho tunazika," alisema.

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo. Kisha akaanza kuzipiga nondo kwa kiganja, taratibu, halafu kwa nguvu. Alisema maneno mengi. Mojawapo lilikuwa kwamba Mama Faili amefungiwa mle ndani kama kuku wa mayai, anatagia makaratasi huku watu wanakufa. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Lilikuwa cheko fupi la kumponyoka mtu, lakini Mama Faili lilimchoma kuliko matusi yote.

Wakati huohuo, kwenye ukumbi, alipita nesi wa wodi ya watoto na trei ya dawa mkononi. Alikuwa na umbo dogo, umri wake miaka thelathini na kidogo, na wote walimwita Sista Pole, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Alimpa pole mgonjwa, akampa pole aliyemleta, na akijigonga kwenye mlango aliupa pole mlango. Yeye ndiye aliyeitwa kila mshipa wa mtoto mchanga ulipokataa kuonekana. Madaktari wenyewe walimwachia.

Mama Faili aliinua kalamu, akaipenyeza kati ya nondo mbili, akaelekeza.

"Nenda kamuulize yule," alisema. "Manesi ndio wanaojua."

Ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na kiwiko chake. Jina la Sista Pole halikuwemo Jumamosi. Mama Faili hakuhitaji hata kuisoma, maana yeye ndiye aliyeipiga chapa. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba alimwelekeza kwa yule binti kwa sababu ana maneno ya kutuliza watu. Alilirudia hilo mara nyingi, na kila mara lilimfia mdomoni. Aliiona mikono ya yule fundi ilivyozipiga nondo. Alichotaka ni mtu huyu aondoke dirishani kwake, basi.

Fundi alivuka ukumbi kwa hatua chache. Alichouliza hakikusikika. Sista Pole aligeuka, akamtazama, na kabla hajajua habari yoyote akasema lile neno lake: "Pole, kaka." Huenda yule fundi alilisikia kama mtu anayekiri kosa. Trei ilianguka. Alimkaba ukosi, akamsukumia kwenye fremu ya mlango, na nesi alipoinua mkono kujikinga, aliudaka akaukunja kwa nyuma mpaka ukalia. Kisha akampiga usoni. Mpaka watu wa foleni wanamkamata, binti alikuwa chini, na fundi mwenyewe ameketi sakafuni pembeni yake analia kama mtoto.

Mama Faili alibonyeza kitufe mpaka kidole kikamuuma. Akapiga simu polisi, akapiga simu chumba cha upasuaji, akapiga kelele. Hakutoka nyuma ya nondo.

Kengele ililia kwenye kibanda cha mlinzi, lakini kibanda kilikuwa kitupu. Mlinzi, mwanamume wa makamo aliyejulikana kama Kamanda kwa jinsi alivyopiga saluti hata kwa wauza maji, alikuwa anamsukuma bibi kizee mmoja kwenye kiti cha magurudumu kumpeleka kliniki ya macho. Kazi hiyo haikuwa yake. Bibi alikuwa ameachwa getini na mjukuu wake, na hapakuwa na mtu mwingine.

Mkono wa Sista Pole ulikuwa umevunjika sehemu mbili karibu na kiganja. Jino moja liling'oka. Walimpasua, wakamwekea vyuma, wakamfunga, wakampa likizo ya miezi mitatu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku ya nne. Mganga mkuu aliongoza. Mama Faili aliitwa kama shahidi, akaketi kwenye kiti cha plastiki mikono kwenye mapaja, akaulizwa mtu yule alitaka nini dirishani. Alijibu kwamba alitaka habari za ndugu yake, naye akamwambia asubiri, na ghafla mtu akaondoka kwa hasira. Alilisema hilo bila kupepesa macho. Aliyekuwa akiandika aliandika. Mganga mkuu akasoma maelezo ya polisi, kwamba mtuhumiwa anadai alionyeshwa nesi aliyehusika. "Kila mhalifu ana mtu aliyemponza," alisema, akafunua ukurasa. Watu wa foleni walikuwa wameshatawanyika na magonjwa yao. Hakuna aliyewatafuta.

Kamanda alipoulizwa alikuwa wapi, alisema ukweli wake wote, pamoja na bibi na kiti. Aliulizwa kama kusukuma wagonjwa ni kazi yake. Akasema hapana. Akafukuzwa kazi wiki ileile kwa kosa la kuacha lindo.

Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, Mama Faili aliitwa mbele. Alipewa cheti cha karatasi ngumu kwa kuchukua hatua za haraka wakati wa hatari, na pamoja na cheti chupa kubwa ya chai yenye maua mekundu. Watu walimpigia makofi. Walitaka aseme neno. Alisema ahsanteni, akarudi haraka kitini, na wote wakadhani ni unyenyekevu.

Mume wake aliifurahia ile chupa kama iliyotoka ng'ambo. Aliiweka juu ya kabati, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa jinsi mke wake alivyookoa maisha ya mtu. Kila aliposimulia aliongeza chumvi. Kufikia mwezi wa pili Mama Faili alikuwa karibu amemkamata fundi yeye mwenyewe. Chai ya chupa ile yeye hakuinywa. Alisema inanuka plastiki. Mume akainusa, akasema hainuki kitu, akamtazama, akaacha.

Alianza kuamka kabla ya jogoo na kulala bila kulala. Kazini alikosea rafu. Watu waliposogea dirishani alijikuta anatazama mikono yao kwanza. Wenzake walisema ni mshtuko, na wakamwambia apumzike, nao wakamfanyia wema mwingi ambao kila mmoja ulimwingia kama mwiba.

Alikuwa amekwepa kwenda kumwona Sista Pole. Kila wenzake walipopanga safari, yeye alipata mafua. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha alikosa udhuru, akaenda na wenzake wawili wa maabara. Binti aliishi kwa dada yake mkubwa, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule. Walimkuta ameketi kitandani anajizoeza kufunga na kufungua vifungo vya gauni la mtoto kwa mkono ule. Vidole vilikuwa vizito, kimoja kilikataa kabisa. Wageni walisema mengi ya kutia moyo. Wa maabara walipotoka nje kuzungumza na dada mtu, Sista Pole alimgeukia Mama Faili.

"Mama, wewe uliona yote," alisema. "Alikuja moja kwa moja kwangu. Ukumbi ule ulikuwa na watu wangapi? Manesi watatu tulikuwepo. Akanijia mimi."

Mama Faili alisema watu wa aina ile hawana akili.

"Hapana, kuna kitu nilifanya. Nimekaa hapa miezi mitatu nawapitia wagonjwa wangu mmojammoja. Labda siku nyingine niliwajibu vibaya. Labda siku hiyo nyingine nilimpita mdogo wake kwenye benchi sikumwangalia. Mkono utapona au hautapona, nimeshaukubali. Lakini nikijua nilimkosea nini, nitalala."

Mama Faili aliishika ile kauli njia nzima ya kurudi. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba uongo wake ulimwangukia Kamanda peke yake, na hata hilo alilipunguza makali kwa kujiambia kwamba kweli mlinzi hakuwa lindoni. Sasa aliona kwamba kila siku yule binti alikuwa anajihukumu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na aliyelishika jibu alikuwa ameketi mbele yake na mfuko wa matunda.

Jioni alimwambia mume wake. Alimwambia akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mume alizima redio. Kwanza alisema kuelekeza si kupiga, na kwamba mtu akikuuliza njia ukamwonyesha, akaenda kuua, damu si yako. Mama Faili akamwambia alijua nesi hakuwa zamu. Mume aliketi. Kisha akasema, polepole, kwamba mke wake amebakiwa na miaka mitatu tu astaafu, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mdomo umewaponza wenye vichwa vikubwa kuliko chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwogopea. Ila kesho yake asubuhi ile chupa haikuwa juu ya kabati, na hakuna aliyeulizana na mwenzake imekwenda wapi.

Jumamosi alirudi kwa Sista Pole peke yake. Dada mtu alimkaribisha kwa furaha, akamvutia kiti. Mama Faili hakuketi.

"Mwanangu, ni mimi niliyekuonyesha kwake," alisema. "Alikuwa ananipigia kelele dirishani. Nilielekeza kalamu nikasema, nenda kamuulize yule. Nilitaka aondoke."

Dada mtu ndiye aliyeketi.

"Ulijua Jumamosi sikuwa zamu?" binti aliuliza.

"Nilijua."

Sista Pole aliutazama mkono wake, akaugeuza juu chini kama kitu alichookota njiani. Machozi yakamtoka, na kitu cha ajabu ni kwamba uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo si mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikumfanya kitu." Alilirudia mara mbili. Ndipo alipoinua macho, na Mama Faili akaona hasira inavyokuja kutoka mbali, kama mvua inayovuka uwanja.

"Miezi mitatu," binti alisema. "Ulikuja hapa ukala chungwa."

Mama Faili alianza kuomba msamaha. Sista Pole alimkatiza. Alimwambia hawezi kumsamehe leo na hajui kama ataweza siku nyingine, kwa hiyo asije tena kumwuliza. Akamwambia badala ya kulia pale, aende akayaseme hayohayo kwa Kamanda, halafu akayaseme kwa kamati. Dada mtu alimfungulia mlango. Hakumsindikiza.

Kamanda aliishi mbali, mwisho wa barabara ya vumbi. Alikuwa amepata kibarua cha kulinda uwanja wa kuuza tofali, na alikutwa amekaa juu ya tofali anaosha viatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, jambo ambalo Mama Faili hakulitarajia hata kidogo, alianza kucheka.

"Miezi mitatu namlaani yule bibi," alisema. "Bibi wa watu, macho hayaoni, nimemlaani yeye na kiti chake."

Mke wake, aliyekuwa anaanika nguo, hakucheka. Alisema yeye ndiye aliyemwita mumewe mzembe mbele ya watoto, tena zaidi ya mara moja, na sasa ataanzia wapi kuyafuta yale. Hakumtukana Mama Faili. Alichukua beseni lake akaingia ndani. Kamanda aliacha kucheka, akaendelea kusugua kiatu. Baada ya muda alisema kwamba hata hivyo alikuwa ameacha lindo, hilo asimwondolee, lakini angependa liandikwe kwamba kengele ilipolia, yule fundi alikuwa ameshamaliza.

"Hata ningekuwa kibandani, ningemkuta sakafuni," alisema. "Wangeniuliza hilo. Hawakuniuliza."

Mganga mkuu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Aliisoma barua ya Mama Faili, kurasa mbili za mwandiko wa mkono, akavua miwani. Alimwambia suala limefungwa, mtuhumiwa yuko mahabusu, mlinzi mpya ameshaajiriwa, wizara imeshapelekewa taarifa. Alimwuliza kama anajua maana ya kufukua kaburi. Mama Faili alijibu kwamba anajua, ila ndani ya hili wamezikwa watu walio hai. Hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo. Yalimtoka tu, na akaona haya.

"Unataka nini hasa?" mganga mkuu aliuliza.

Alitaka barua yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Alitaka nakala. Miaka ishirini na miwili ya kuona karatasi zikipotea ilikuwa imemfundisha kitu. Kisha akamwambia jambo ambalo alikuwa ameliandika kwenye ukurasa wa pili, kwamba yule fundi alizunguka asubuhi nzima na swali moja la haki, na kila mlango ulimsukumia kwa mwingine, pamoja na mlango wa ofisi hii uliokuwa umefungwa. "Aliuliza swali," alisema, "mimi nikampa mtu."

Mganga mkuu aligonga muhuri. Aliugonga kwa nguvu mno, lakini aliugonga.

Kamati ilikaa upya. Ilichukua wiki tano na vikao vinne. Mama Faili alipewa onyo kali la maandishi, akaondolewa dirishani, akapelekwa chumba cha faili za zamani nyuma ya jengo la mashine za kufulia. Cheti alikirudisha mwenyewe. Kamanda aliitwa arudi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba walinzi wawe wawili, ili mmoja akiitwa na ubinadamu mwingine abaki lindoni. Walimpa. Yule waliyemweka badala yake akawa mwenzake. Chumba kimoja karibu na ofisi ya utawala kilitolewa makabati, kikawekwa viti sita na meza ya vitambaa vya karatasi, na ikaamriwa kwamba mtu akifiwa, daktari ataketi naye mle siku hiyohiyo amweleze. Ikakatazwa kumtajia au kumwonyesha ndugu wa mgonjwa mfanyakazi yeyote kwa jina au kidole. Kengele zikawekwa wodi zote, na ikatangazwa kwamba anayeibonyeza hataulizwa kwa nini mpaka watu wawe salama. Kwenye kikao kilichotangaza hilo, hakuna aliyecheka.

Kesi ya fundi ilifika mahakamani mwezi wa saba. Mama Faili alisimama kizimbani akasema alichofanya. Wakili akamwuliza kama angeweza kumsaidia yule mtu kwa njia nyingine. Akasema ndiyo, angeweza kumketisha ndani na kupiga simu moja. Fundi alimtazama muda wote bila chuki, macho makavu. Alipata kifungo cha miaka miwili. Hakimu alisema alipunguza kwa sababu ya mazingira, lakini mkono uliovunjika ni mkono uliovunjika.

Nje ya mahakama, mama mzazi wa fundi alimfuata. Alikuwa mwanamke mnene mwenye goti bovu, aliyempoteza mwana mmoja kaburini na mwingine sasa gerezani. Mama Faili alidhani anakuja kumpiga, na moyoni alitamani iwe hivyo. Mwanamke yule alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Alisema watu wote walimwambia mwanawe ni mwongo, kwamba hakuonyeshwa na mtu. Sasa wamejua si mwongo. "Mungu akubariki, dada yangu," alisema. Mama Faili alirudi nyumbani akaingia kitandani na viatu.

Sista Pole alirudi kazini, lakini si wodini. Vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Watoto wachanga waliokosa mishipa sasa walihangaishwa na watu wawili au watatu kabla ya kufanikiwa, na kila Mama Faili aliposikia mtoto analia muda mrefu ng'ambo ya uwanja, aliacha alichokuwa anafanya. Binti alipewa kitengo cha mafunzo. Walipokutana kwenye njia walisalimiana salamu za kazini, za mchana mwema na basi.

Halafu siku moja, mwaka ukiwa umeshapita, alitokea mlangoni kwa faili za zamani. Alisimama asiingie.

"Sijaja kwa lile," alisema. "Nina darasa la wafanyakazi wapya. Siku nzima tunazungumza usalama kazini. Nawaambia kengele, nawaambia milango, wanaandika. Lakini hili la kuelekeza hawalielewi. Wanaona ni kitu kidogo. Nataka uje uwaambie."

Mama Faili aliuliza kama mganga mkuu hawezi kuwaambia.

"Hakuelekeza yeye."

Alikwenda. Walikuwa thelathini na wawili, vijana wa sare mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani: manesi, wa maabara, makarani, madereva wa gari la wagonjwa, na Kamanda amesimama mlangoni mikono nyuma. Sista Pole aliketi mstari wa mbele pembeni, daftari pajani, mkono ule juu ya daftari. Mama Faili alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, lakini alipoanza hakuitazama. Aliwaeleza dirisha, nondo, foleni, lile cheko. Aliwaeleza kalamu. Aliwaeleza uongo wa kamati na makofi ya mkutanoni. Ilimchukua robo saa. Hakulia, maana alijua kulia kungewafanya wamhurumie.

Walipoambiwa waulize maswali, karani mmoja aliuliza mtu akikataa kabisa kuondoka dirishani unafanya nini. Alimjibu. Dereva aliuliza la kwake. Kisha binti mmoja wa nyuma, nesi mpya, alinyoosha mkono na kuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa, kama yule sista aliyeumizwa alimsamehe. Hakuna aliyekuwa amewaambia wapya sista huyo ni nani.

Mama Faili alifungua mdomo. Hakujua aangalie wapi, akaangalia ukuta.

Kutoka mstari wa mbele, bila kugeuka, Sista Pole alifunua ukurasa wa daftari lake.

"Swali linalofuata," alisema.